Kutoka Haithabu hadi Copenhagen: kuzifuata hirizi za Wagermani wa kale

Nimesharudi Mombasa, na wengi mmeniandikia mkiuliza habari za safari. Nimeketi na daftari langu na picha za simu, nimezipanga siku kwa siku. Pale ambapo sikuwa na la maana la kusema nimeruka.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni usonara, kiti changu kipo Mji wa Kale. Mikufu nimeunga, hirizi za fedha nimezilehemu, na kitu cha kwanza ninachokitazama mtu akinipa kidani si uso wake bali kitanzi chake cha juu, pale uzi unapopita. Pambo la kuvaliwa harusini kitanzi chake hubaki kizima miaka na miaka. Hirizi isiyovuliwa usiku na mchana hulika hapo kwanza. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisoma habari za makabila ya Kigermani ya kaskazini mwa Ulaya kabla hayajaingia Ukristo: nyundo za Thor, vibamba vya dhahabu vyenye picha za miungu, maandishi ya runi, yaani herufi zao za kale. Vitabu huonyesha picha za mbele tu. Nilitaka kuviona vitanzi.

Dada yangu anaishi Hamburg, mtaa wa Altona, naye ndiye aliyenitumia barua ya mwaliko. Viza ya Schengen inatosha kwa Ujerumani na Denmark zote mbili. Lakini tembea na pasipoti mfukoni, si kwenye begi la chini. Nitaeleza kwa nini.

Jumanne: Hamburg, Schleswig, Haithabu

Dada alinisindikiza mpaka kituo kikuu cha treni, mkononi chupa ya chai na mahamri aliyoyakaanga usiku. "Chukua, mdogo wangu. Huko njiani kila unachokula ni pesa." Alisema kweli. Kikombe cha kahawa kituoni kilikuwa zaidi ya yuro tatu, na choo kinalipiwa pia, kwa hiyo weka sarafu tayari.

Ipo tiketi ya siku nzima ya jimbo la Schleswig-Holstein, inayofaa kuanzia Hamburg kwa treni za kawaida. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, ukipanda kabla ya hapo ni faini. Mkiwa watu wawili au watatu bei ya kila mmoja inashuka sana. Treni ya kuelekea Flensburg inafika Schleswig kwa mwendo usiotimia saa mbili.

Kutoka kituoni nilikwenda kwa miguu, njia inayozunguka ncha ya ghuba ya Schlei, kwa sababu nilitaka kufika Haithabu nikiyaona maji kwanza. Mji huu, ambao Wadenmark huuita Hedeby, ulikuwa bandari kubwa ya biashara kuanzia karne ya 8 hadi ulipoangamizwa mwaka 1066. Leo ni majani, kondoo, na boma la udongo lililouzunguka mji kwa umbo la nusu duara, bado limesimama juu kuliko kimo cha mtu. Ndani yake wamejenga upya nyumba chache za miti na udongo. Tangu 2018 eneo lote, pamoja na ukuta wa Danevirke, liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Makumbusho yapo pembeni, na hapo ndipo nilipokaa mchana kutwa. Nyundo za Thor ni ndogo kuliko nilivyodhani, nyingi hazifiki urefu wa kidole gumba. Za fedha, za chuma, za kaharabu. Thor alikuwa mungu wa radi, mlinzi wa watu dhidi ya majitu, na nyundo yake ndiyo silaha iliyomrudia mkononi kila alipoirusha. Nyundo zaidi ya 1,000 za kuvaliwa zimeshapatikana kaskazini mwa Ulaya, nyingi za karne ya 9 na ya 10. Nilizisoma kwa lenzi yangu kupitia kioo. Za chuma zimefuliwa haraka haraka, mpini umepindwa juu ukawa kitanzi, basi. Hakuna nakshi. Aliyeivaa hakuwa na fedha ya kumlipa fundi mkubwa, ila kinga aliihitaji vilevile.

Kuna pia viti. Viti vidogo vya fedha, ukubwa wa ukucha, vyenye kitanzi cha kuningʼinizia shingoni. Wataalamu wengi huvihusisha na Odin, mungu mkuu, anayesemwa kukaa juu ya kiti ambacho kutoka hapo huona ulimwengu wote. Mwenye kukivaa, kama wanavyoeleza, alikuwa chini ya macho yake.

Jambo lililonigusa zaidi halikuwa kwenye kabati la vioo. Kuna habari za msafiri kutoka Andalusi, Ibrahim al-Tartushi, aliyefika Hedeby kiasi cha mwaka 965. Aliandika kwamba ni mji mkubwa mwisho kabisa wa bahari, watu wake wengi hawana dini ya kitabu isipokuwa Wakristo wachache wenye kanisa lao, na mtu akichinja kafara hutundika mnyama kwenye nguzo mlangoni kwake ili majirani wajue. Aliandika tena kwamba wake kwa waume hupaka wanja, na kwamba mwanamke huko ana haki ya kumwacha mume apendapo. Ni msafiri aliyefungua macho, akaandika alichokiona. Nilisimama hapo nikiwaza bahari ile ile ya wafanyabiashara Waislamu iliyoleta majahazi kwetu, na mkono wake mwingine ukifika mpaka huku kwenye baridi.

Msafiri mwenzangu wa baadaye ajue hili pia. Uchimbaji mkubwa wa Haithabu miaka ya 1930 uliongozwa na Herbert Jankuhn, na ulichukuliwa chini ya taasisi ya SS, kikosi cha Wanazi, iliyotaka kuyageuza mambo ya kale kuwa ushahidi wa ubora wa damu. Hii ndiyo sababu msalaba uliopindwa na baadhi ya runi, zilizokuwa alama za kheri miaka 1,500 iliyopita, leo zina sumu. Ujerumani alama za Wanazi zimepigwa marufuku kisheria. Ukinunua kidani cha ukumbusho, nunua nyundo au nakala ya kitu kilichomo makumbusho, na duka la makumbusho ndilo salama zaidi.

Jioni nilikula mkate wa samaki bandarini Schleswig: heringi wa siki, vitunguu mbichi, mkate mgumu kwa nje. Mwuzaji aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa, akaniongezea samaki wa pili.

Jumatano: Schleswig, Husum, Niebüll, Tønder

Siku ya kungoja. Treni ya kwanza ilichelewa kwa hitilafu ya ishara za reli, ya pili ikaondoka bila sisi, na Niebüll tukakaa jukwaani upepo wa Bahari ya Kaskazini ukitupiga. Beba kofia hata kama ni mwezi wa Mei.

Mpakani polisi walipanda wakakagua pasipoti. Mimi niliulizwa zaidi ya abiria wengine ndani ya behewa, nikatoa viza, barua ya dada na tiketi ya kurudi, vyote ndani ya bahasha moja. Walikuwa na adabu na wakamaliza. Nenda na bahasha yako.

Nilifika Tønder mabasi yamekwisha, na nyumba niliyoikodi iko nje ya mji. Nilikuwa nikimpigia dada simu nisimulie hali, mara nikasikia sauti nyuma yangu: "Kaka, unasema Kiswahili? Unatoka wapi?" Ni bwana mmoja wa Uvira, Kongo, amekuja Denmark na familia yake kama mkimbizi, akipita kituoni kumchukua binti yake anayerudi shule. Hakuniacha niende nyumba ya kukodi kwanza. "Tukule kwanza, kaka, halafu nitakupeleka. Mgeni halali njaa kwetu."

Mkewe alikuwa amepika ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Sombe huipata imegandishwa kwenye duka la Waafrika, mji mwingine, mwendo wa saa nzima kwa gari. Nilipowaeleza ninachokifuata, yule binti akasema darasani walifundishwa pembe za dhahabu za Gallehus na kwamba mahali zilipopatikana ni karibu kabisa. Baba mtu akacheka: miaka yote anaishi hapa hakuwahi kupita. Tukapatana twende wote kesho yake kabla ya zamu yake ya kazi.

Alhamisi: Gallehus na Møgeltønder

Kijiji cha Gallehus ni nyumba chache za matofali mekundu na mashamba. Kando ya njia yapo mawe mawili ya kumbukumbu, kila moja mahali ilipotoka pembe moja.

Pembe ya kwanza iligunduliwa mwaka 1639 na msichana mfuma lesi aitwaye Kirsten Svendsdatter. Mguu ulijikwaa. Ya pili mwaka 1734, hatua chache kutoka pale, na Erich Lassen aliyekuwa akichimba udongo. Zote mbili za dhahabu, za mwanzo wa karne ya 5, zimejaa picha pande zote: watu wenye pembe kichwani, mtu wa vichwa vitatu mwenye shoka akimwongoza mbuzi, nyoka, wapiga mishale, nyota. Hakuna aliyezisoma picha hizo hadi mwisho. Ila pembe ya pili ilikuwa na mstari wa runi ukingoni, na huo unasomeka: *ek hlewagastiz holtijaz horna tawido*. Mimi, Hlewagastiz wa Holt, nimeitengeneza pembe hii.

Nilimsomea binti maneno hayo hapo barabarani. Fundi wa dhahabu wa miaka 1,600 iliyopita ametia jina lake kwenye kazi. Katika kazi yetu wengi hatutii jina mahali popote, na wazee walionifundisha waliondoka bila kuacha alama yoyote inayosema hii ni kazi ya mkono wangu.

Pembe zenyewe hazipo. Usiku wa tarehe 4 Mei 1802 Niels Heidenreich, naye fundi dhahabu na saa, aliingia zilikohifadhiwa Copenhagen, akaziiba na kuziyeyusha. Alikamatwa mwaka uliofuata, lakini dhahabu ilikwisha kuwa sarafu bandia na mapambo. Tunachokiona leo kwenye makumbusho ni nakala zilizofanywa kwa kufuata michoro ya zamani. Ninaumia kila nikiandika hili, maana yule mtu alijua. Mtu mwingine angeweza kusema aliona dhahabu tu. Sonara anaiona kazi.

Kutoka hapo Møgeltønder ni mwendo mfupi. Mtaa wake mkuu una nyumba za mapaa ya makuti ya kule kwao, matete yaliyopangwa manene, na miti ya linden pande mbili. Usiupite haraka. Kahawa na keki kwa watu watatu ilikuwa karibu kroni 200, nikalipa mimi kabla yule kaka hajaifikia pochi yake. Kumbuka Denmark hutumia kroni, si yuro, na karibu kila mahali watu hulipa kwa kadi.

Ijumaa: Ribe

Treni ndogo ya kutoka Tønder inakata mabwawa ya nyasi mpaka Ribe, chini ya saa moja na nusu hata ukihesabu kungoja. Ribe ndio mji mkongwe kuliko yote Skandinavia, ulianza mwanzoni mwa karne ya 8 kama soko kando ya mto. Barabara ni za mawe, nyumba zimeinama, na karibu na maji kuna nguzo yenye pete zinazoonyesha mafuriko ya bahari yalifika wapi, ikiwemo ya mwaka 1634 iliyopanda juu ya kichwa changu.

Makumbusho ya Waviking, mabaharia wa kale wa huku kaskazini, yako karibu na kituo. Nilikuja kwa kitu kimoja: kipande cha fuvu la kichwa cha binadamu, kilichochimbwa mwaka 1973, chenye runi zilizochongwa kiasi cha mwaka 725. Si kikubwa, kinaenea kiganjani. Maandishi yanamtaja Odin na wengine wawili, yakiomba msaada dhidi ya maumivu na dhidi ya kibeti, kiumbe ambacho watu wa kale waliamini huleta ugonjwa. Ni dawa ya maandishi. Aliyetengeneza hakuandika kwa mti wala mfupa wa ngʼombe, alichukua fuvu, na wengi huamini mgonjwa aliumwa kichwa.

Na kuna tundu. Limetobolewa kwenye fuvu, na kila anayeliona husema mara moja: ilivaliwa. Nilichutama nikaliangalia kwa lenzi muda mrefu. Kingo za tundu zimebaki kama zilivyotobolewa, uzi haujaacha mfereji. Waliokichunguza nao walisema hivyo hivyo, hakuna alama ya kuningʼinizwa. Basi hirizi hii haikuvaliwa shingoni mwezi baada ya mwezi. Mimi naona ilikuwa kazi ya mara moja: tundu lenyewe ni sehemu ya tiba, limepita kwenye mfupa pale maumivu yanapotakiwa kupita. Kwetu Pwani kuna kombe, aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa na sahani inarudi kabatini. Si kila kinga inakaa mwilini.

Mhudumu wa chumba alinijia, nilidhani ananikataza kuchutama. Alitaka kujua ninatazama nini hasa. Nilipomwambia kazi yangu, alinipeleka kwenye kabati jingine ambalo ningelipita: vipande vya kalibu za udongo. Ribe walikuwa wakimimina shaba hapo hapo sokoni, na wachimbaji wamepata vipande vya kalibu kwa maelfu, vingine vya vidani vyenye nyuso za watu na wanawake wenye silaha. Kalibu ya udongo huvunjwa ili kitu kitoke, kwa hiyo kila kipande pale ni kazi moja iliyokamilika. Alama ya kidole cha fundi ilionekana kwenye kimojawapo, mistari yote ya ngozi. Mhudumu yule alizima taa ya juu na kumulika kwa pembeni kwa tochi yake ili nipate picha nzuri. Ndiyo picha bora niliyopiga safari nzima.

Chakula: vibanda vya soseji viko kila mahali, lakini kwa wanaotaka halali, tafuta *fiskefrikadeller*, maandazi ya samaki ya kukaanga, pamoja na mkate mweusi. Yanashibisha na hayafiki kroni 100.

Jumamosi: Jelling

Ribe hadi Jelling ni kubadilisha treni Bramming, kisha njia ya Fredericia, kisha Vejle. Nusu ya siku, mvua dirishani.

Jelling kuingia ni bure, makumbusho na mawe yote. Kuna vilima viwili vya makaburi na mawe mawili ya runi mbele ya kanisa, ndani ya nyumba za vioo tangu 2011 kwa sababu baridi ilikuwa ikiyapasua. Jiwe kubwa lilisimamishwa na mfalme Harald Bluetooth kiasi cha 965, akijisifu kwamba aliishinda Denmark yote na Norwei na akawafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Ndio wakati ule ule al-Tartushi alikuwa Hedeby akihesabu Wakristo wachache.

Upande mmoja wa jiwe ni mnyama mkubwa aliyezongwa na nyoka. Upande mwingine ni Kristo mikono imetandazwa, ila msalaba haupo. Amefungwa kwa mizunguko ya mafundo, mafundo yale yale ya wanyama waliosukana ambayo mafundi wa kipagani walikuwa wakiyachonga kwa zaidi ya miaka 400. Mfalme alibadili dini, mkono wa fundi ulibaki na ulichojifunza. Kwenye mkahawa jirani mama mmoja mzee aliniona nikichora mafundo hayo daftarini. Alifungua mkoba akatoa pasipoti yake, na ndani yake, kwenye karatasi, yupo Kristo yule wa Jelling. Denmark nzima husafiri naye. Alinilipia chai akaondoka kabla sijamshukuru sawasawa.

Hapo makumbusho pia ziliwahi kuwekwa nakala za pembe za Gallehus. Mwaka 2007 ziliibwa nazo, zikapatikana baada ya siku mbili.

Usiku huo huo nilipanda treni ya Copenhagen. Nunua tiketi mapema kwenye simu, bei hupungua sana, na lipia kiti, kwani Jumamosi jioni watu husimama mpaka ngʼambo ya daraja la Storebælt.

Jumapili: Makumbusho ya Taifa, Copenhagen

Nilikuwa mlangoni kabla hakujafunguliwa. Mtu mzima hulipa zaidi ya kroni 100, walio chini ya miaka 18 ni bure. Begi kubwa huwekwa kwenye kabati la chini. Usiende na njaa, mkahawa wa ndani ni ghali.

Hapa ndipo zilipo brakteati nilizozifuata tangu mwanzo. Ni vibamba vya dhahabu vya mviringo, vyembamba, vya karne ya 5 na ya 6, na zinazojulikana sasa zimezidi 1,000 kaskazini mwa Ulaya. Nieleze zinavyofanywa maana ndiyo roho ya jambo. Fundi alipata dhahabu kwa kuyeyusha sarafu za Roma, walizolipwa watu wa kaskazini kwa askari na kwa amani. Aliifua ikawa bamba, akaliweka juu ya chapa na kuligonga mpaka picha ikafura mbele na kubonyea nyuma. Pembeni akazungusha waya wenye vishanga. Kwa nyingine akaongeza duru za mihuri midogo midogo, pembetatu na miviringo, kila mmoja umepigwa kwa mkono. Mwisho akalehemu kitanzi, na kitanzi chenyewe kina mbavu ili kisivunjike.

Mwanzo waliiga medali za wafalme wa Roma: kichwa cha Kaisari, maandishi pembeni. Halafu Kaisari akabadilika taratibu. Nywele zikawa kisuka kikubwa, chini ya kichwa akaja mnyama wa miguu minne mwenye pembe, begani akatua ndege. Mtafiti Karl Hauck alitumia maisha yake kuonyesha kwamba huyu ni Odin akimponya farasi, na ndege ni kunguru wake. Wengine hawakukubali yote. Maandishi ya Kilatini nayo yakageuka vijistari visivyosomeka, kisha runi zikachukua nafasi. Maneno kama *alu* na *laukaz* yanarudi tena na tena, peke yake, bila sentensi, na wengi huyachukua kuwa maneno ya kinga. Zile za aina ya mwisho hazina mtu kabisa. Ni mnyama aliyevunjwa vipande, jicho, mdomo uliopinda, paja, vyote vimezungushwa mpaka macho yako yanapotea ndani yake.

Nilikwenda kabati kwa kabati nikitazama juu, si katikati. Na hapo ndipo nilipoona. Kuna brakteati ambayo uso wake umebaki mkali, kila kishanga kinahesabika, lakini kitanzi chake kimelika kwa ndani upande wa juu mpaka ukingo unakaribia kukatika. Nyingine mbavu za kitanzi zimesagika na kuwa laini upande mmoja tu, maana mwenyewe alikuwa na kitu kingine kinachoigusa kila akitembea. Hivi vilivaliwa. Si siku za sherehe. Vilivaliwa kazini na usingizini, na nafikiri chini ya nguo, kwa sababu uso haukuguswa na kitu. Nimepokea hirizi za namna hii mikononi mwangu, mwenyewe akinisihi nikaze kitanzi leo leo asilale bila hiyo.

Hazina ya Vindelev imenichukua saa nzima. Iligunduliwa Desemba 2020 karibu na Jelling na Ole Ginnerup Schytz, aliyekuwa ameanza tu kutumia kifaa cha kutafutia madini: karibu gramu 800 za dhahabu, pamoja na brakteati kubwa kupita kawaida. Mwaka 2023 wasomi wa runi Lisbeth Imer na Krister Vasshus walitangaza kwamba moja ina maneno yanayosema yule mtu pichani ni mtu wa Odin. Ni ya karne ya 5, na hakuna maandishi ya zamani zaidi yanayomtaja Odin, yameyapita yaliyojulikana kwa kiasi cha miaka 150. Dhahabu yote ilizikwa ndani ya nyumba. Wapo wanaoihusisha na mwaka 536, majivu ya volkano yalipofunika jua na mavuno yakafa. Kama ni hivyo, watu walitoa kinga zao zenyewe shingoni wakazitia ardhini kuomba jua lirudi.

Kwa kulinganisha, tazama *guldgubber*. Ni vijikaratasi vya dhahabu vidogo kuliko kucha, kila kimoja na mtu au watu wawili waliokumbatiana. Kisiwa cha Bornholm peke yake, mahali paitwapo Sorte Muld, vimepatikana zaidi ya 2,300. Havina kitanzi, havina tundu. Havikufanywa vivaliwe, vilitolewa.

Kisha nikafika kwenye fedha ya Waviking. Hazina ya Terslev, iliyopatikana 1911, ina sarafu zaidi ya 1,700, na nyingi mno ni dirhamu. Nilisoma shahada kwa hati ya Kikufi, wazi kabisa, kwenye kabati la Copenhagen. Dirhamu kwa malaki zilipanda mito ya Urusi mpaka huku, zikapimwa, zikakatwa, zikayeyushwa. Lakini baadhi, kwenye makaburi ya wakati ule, zimetobolewa au kuwekewa kitanzi na kuvaliwa shingoni na watu wasiojua herufi moja ya Kiarabu, pamoja na shanga na pengine nyundo. Kama vile mababu zao walivyovaa herufi za Kaisari. Naamini waliona nguvu kwenye maandishi hata walipokuwa hawayasomi, na hilo linawaweka karibu nasi kuliko nilivyotarajia.

Usiondoke bila kuiona kalibu ya jiwe kutoka Trendgården, Jutland, ya karne ya 10. Kwenye jiwe moja laini fundi amechimba nafasi za misalaba na nafasi ya nyundo ya Thor, ubavu kwa ubavu. Mteja yeyote aliyefika alihudumiwa. Nimekaa mbele yake mpaka kengele ya kufunga.

Jumatatu: kurudi Hamburg

Treni ya moja kwa moja ni kama saa tano. Polisi wa mpakani walikagua tena, bahasha ikafanya kazi yake. Mwezi wa likizo viti huisha wiki kadhaa kabla.

Gharama kubwa ilikuwa malazi Denmark, hata vyumba vya kitanda kimoja vya watu wa kawaida. Lala upande wa Ujerumani unapoweza na uvuke mchana.

Bornholm sikufika. Makumbusho yake yako Rønne, na unaweza kwenda kwa basi na feri kutoka Copenhagen kupitia Uswidi. Atakayetangulia huko au kurudi Copenhagen, nina ombi moja: kabati nyingi huonyesha uso tu, lakini ziko chache ambazo ukiinama unaona mgongo wa brakteati na mahali kitanzi kilipolehemiwa. Nipigieni picha za hapo, karibu kadiri simu inavyoweza, na mniandikie namba ya kabati.